Tupeane uzoefu: Kukimbia msitu wa Chogoria hadi Ziwa Ellis

Mteremko
Wadau, salamu. Kiangazi cha Januari na Februari kinabisha hodi, na najua kuna watu wameanza kuangalia viatu vyao. Aliyewahi kukimbia njia ya Chogoria, Mlima Kenya, hadi Ziwa Ellis atuambie msitu ulimpokeaje. Nasema msitu makusudi. Watu wakirudi wanaonyesha picha za ziwa tu, ilhali kazi yote iko chini, kwenye zile kilomita zaidi ya 20 kutoka mji wa Chogoria hadi geti la hifadhi.

Naanza mimi. Tuliondoka bado giza, taa kichwani, tukiwa na kijana wa pale anayeongoza wapanda mlima. Mashamba ya chai yakiisha tu, unaingia kwenye miti mikubwa na baridi inabadilika papo hapo. Njia ni barabara ya gari, lakini usidanganyike: udongo ule mwekundu ukilowa unashika soli hadi mguu unakuwa mzito, na hatua inayofuata unateleza. Halafu ikaja mianzi. Kwenye kona moja tukakuta mavi ya tembo yanatoa mvuke, nyuzi za mianzi zimejaa ndani. Kijana akanyoosha mkono, tukasimama. Akagonga fimbo kwenye mianzi, akapaza sauti, tukangoja. Kushoto kwetu tukasikia mianzi ikivunjika, kitu kizito kinaondoka bila haraka. Hatukukiona.

Hapo ndipo aliponipa somo. Anayetembea anapiga soga na wenzake, mnyama anamsikia mapema na kujiondokea. Mkimbiaji anakuja kasi na kimya, na upepo ukivuma mianzi inagongana, hasikiki kabisa. Tembo ni nafuu, hatari ni nyati dume mzee anayekaa peke yake. Huyo ukimfumania kona, hakupi nafasi ya kuomba radhi. Tangu siku ile nikiwa msituni nakimbia naongea, hata kama ni kuhesabu kwa sauti.

Dada_Mbio
Mimi sina aibu, nilipanda pikipiki hadi getini nikaanzia pale. Geti liko karibu mita 2,950 na ziwa kama mita 3,470, nikasema hizo mita mia tano na kitu ni za kupasha misuli. Weee! Nusu marathoni ya Nairobi naimaliza nikicheka, huku juu nilikuwa natembea kama bibi harusi. Nikikimbia dakika moja, moyo unataka kutoka mdomoni. Ile sehemu ya hagenia, miti iliyopinda yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia, nimeiona vizuri sana kwa sababu nilikuwa nimesimama muda mwingi 😂

Kipara_Nanyuki
Dada, hilo halina uhusiano na mazoezi. Kwenye ziwa lile hewa unayovuta ni kama theluthi mbili tu ya ile ya Mombasa. Mimi nashauri ulale getini usiku mmoja, ule vizuri, unywe maji, ndipo uamke kukimbia. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kikafuata, geuza. Usimeze dawa ya maumivu ili uendelee kupanda, maana kichwa ndicho kinachokuambia hali yako. Unakinyamazisha ili nani akuambie?

Na Mteremko, kuhusu msitu, mimi na wewe hatutapatana. Kukimbia kwenye mianzi kabla jua halijatoka ni kutafuta makuu, uongee usiongee. Wanyama wako barabarani saa hizo. Pikipiki ya Dada ndiyo akili.

Mkonzo77
Nawasoma nikiwa Kasese, Uganda. Kwetu kwenye milima ya Ruwenzori mkisema kukimbia, sisi tunauliza kukimbia wapi. Nimekwenda Ziwa Mahoma, liko karibu mita 3,000, na njia inapita msituni tangu chini Nyakalengija. Jamaa mmoja alikuja na viatu vya mbio vya bei kali. Akakanyaga tope, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Tulikitafuta kwa mikono, tope hadi kwenye viwiko. Kesho yake akavaa gambuti kama sisi wote. Pazuri pa kuongeza kasi ni njia ya kuteremka, lakini mizizi ina utelezi kuliko mawe, na mawe yenyewe yana ukungu wa kijani. Fimbo mbili, tafadhali.

Kinyonga mwenye pembe tatu utamkuta huko. Nenda polepole umwone.

Mchaga_Mtoro
Wakuu, Moshi hapa. Kwetu Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na msitu tunao ila ziwa la juu hatuna. Ziwa Chala letu liko huku chini. Ndiyo maana nilivuka mpaka kuja kulitazama hilo Ellis lenu. Hakuna aliyegusia kuteremka? Kupanda kulinichosha, kuteremka kuliniumiza. Mapaja yanawaka, kucha ya kidole gumba ikaenda na maji. Kateni kucha kabla, na kazeni kamba za viatu pale ziwani kabla ya kugeuza. Na koti la mvua mbebe hata kama asubuhi ni jua kali, upande ule wa mashariki mawingu yanapanda mchana bila kuaga.

Mteremko
Kipara, nimekusikia: tutaingia mianzini jua likiwa limetoka, ila pikipiki sipandi. Mchaga, njoo tena, safari hii usiishie Ellis. Ukiendelea juu unafika ukingo wa bonde la Gorges, unaliona Ziwa Michaelson chini kabisa kwenye shimo la miamba. Pale hakuna atakayekimbia, hata Dada.

Dada_Mbio
Hata mimi nani? Niwekee nafasi. Ila pikipiki yangu nakuja nayo.