Mjadala: Jeshi linunue magari mapya, au litengeneze kwanza yaliyopo?

Fundi wa magari, Ngamiani, Tanga (mleta mada)

Wadau, salaam. Nina hoja moja na naiweka mezani mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Jeshi lolote, letu likiwemo, lisinunue gari jipya hata moja kabla ya kuonyesha pesa ya spea, matairi na mafundi wa gari hilo kwa maisha yake yote. Pesa hiyo ikikosekana, yakarabatiwe yaliyopo.

Kilichonisukuma ni uamuzi wa Wamarekani. Mwisho wa Aprili 2025 Waziri wao wa Ulinzi, Pete Hegseth, alitoa agizo la kulifumua Jeshi la Nchi Kavu, na wakuu wa jeshi hilo wakatangaza kuacha kununua magari ya kijeshi aina ya Humvee na JLTV. Humvee wengi mnaifahamu, ndiyo iliyochukua nafasi ya jipu miaka ya 1980. JLTV ndiyo iliyoandaliwa kuirithi. Kampuni ya Oshkosh ilipata mkataba wake Agosti 2015, dola bilioni 6.7. Mrithi ameachwa kabla hajamaliza kurithi. Hapa kijiweni wengi wakasema: mnaona, wenzetu wanatupa hata mapya, sisi tumeng'ang'ania malori ya zamani. Mimi habari ile naisoma tofauti kabisa.

Humvee ilibuniwa iwe gari jepesi la kubebea watu na vifaa. Kule Iraq mabomu ya kutegwa barabarani yakaanza kuua askari, wakaivisha vyuma. Uzito ukapanda, lakini gari la chini ni lile lile. Fundi yeyote aliyewahi kupokea Fuso iliyozoea kuzidishiwa mzigo anajua kinachofuata: springi zinakata, beringi zinalia, breki zinaungua, na kwenye kona gari linataka kulala. Wakahamia MRAP, magari mazito ya kuhimili mabomu, yakawala zaidi ya dola bilioni 40. Yaliokoa maisha mengi, hilo silipingi. Vita vilipopoa, mengi yakagawiwa na mengine yakakatwa chuma chakavu. Ndipo ikaja JLTV iwe ya katikati, na wakaguzi wa Pentagon wenyewe wakaandika kwamba vikosi vinashindwa kuitunza bila mafundi wa kampuni kuwa pembeni.

Na sasa wanakimbilia nini? ISV, gari la askari 9 lililojengwa juu ya Chevrolet Colorado, pikapu ya raia. Halina chuma cha kuzuia risasi, na sehemu kubwa ya spea zake ni zile zile za gari la kawaida. Humo humo kwenye agizo la Hegseth kuna kifungu kinachotaka mikataba ilipatie jeshi haki ya kutengeneza vifaa vyake lenyewe. Someni tena hapo. Jeshi lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani limefika mahali linaomba ruhusa ya kushika spana kwenye mali yake. Kama wao wamebanwa hivyo, sisi tukinunua gari la kompyuta tupu bila mashine ya kulipimia na bila programu zake, tutakuwa tumenunua kitu cha kuegesha.

Kuegesha nako ni ugonjwa. Mwaka jana niliitwa kuangalia lori la taasisi moja hapa mkoani, si la jeshi, limekaa uani miaka kadhaa. Kwa macho ni jipya. Meno ya tairi marefu, rangi inang'aa. Nikasoma zile namba nne ubavuni mwa tairi: 2316, wiki ya 23 ya mwaka 2016. Nikaukandamiza ubavu kwa kidole gumba, mipasuko ikafunguka mstari mzima, kutoka kwenye rimu hadi begani. Sili za ekseli zimekauka, oili imemwagikia kwenye ngoma za breki. Mafuta ya breki yamevuta unyevu, silinda zimeshika kutu. Panya wamekula nyaya. Kwenye daftari la taasisi lori hilo linahesabika kuwa zima. Wakati Urusi inaingia Ukraine mwaka 2022, wachambuzi walionyesha picha za magari yake yaliyokwama matopeni huku matairi yamechanika ubavuni, na wakaeleza kuwa ndivyo tairi linavyokuwa likikaa muda mrefu juani bila kuzungushwa. Silaha ya bei mbaya ikaachwa njiani kwa sababu ya mpira.

Sisi watu wa Tanga tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari kama 8,000, wengi wao Wahindi, dhidi ya jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck lililokuwa na watu kama 1,000, wakashindwa. Kila mtu anapenda kusimulia nyuki waliowavamia wapiganaji. Nyuki walikuwepo, sawa, lakini Wajerumani na askari wao walifikaje Tanga kwa wakati? Kwa treni, kutoka upande wa Moshi. Reli ilikuwa inafanya kazi siku hiyo, basi.

Ninachopendekeza: aina za magari zipunguzwe, maana kila aina mpya ni stoo mpya ya spea na kozi mpya ya mafundi. Malori yenye chesisi nzima yavuliwe mpaka skrubu ya mwisho, yafungwe injini, gia boksi na nyaya mpya. Kazi hiyo ipewe Nyumbu pale Kibaha, shirika lililoanzishwa mwaka 1985 chini ya Wizara ya Ulinzi kwa ajili ya teknolojia ya magari, na lililowahi kubuni lori lake lenyewe. Ipewe kama kazi ya kudumu yenye bajeti, wasiitwe kwenye maonyesho tu. Nawasilisha.

Dereva mstaafu wa jeshi, Pongwe

Mwanangu, umesema vizuri, ila umemsahau mtu mmoja: dereva.

Nilikuwa kwenye vita vya Kagera. Jeshi lilipoanza kukusanyika mwishoni mwa 1978 magari ya jeshi peke yake hayakutosha, serikali ikachukua mabasi na malori ya mashirika na ya watu binafsi. Mvua zilikuwa zinanyesha. Lori lililozoea kubeba pamba likabebeshwa risasi, na anayeliendesha hajawahi kulivusha kwenye tope usiku bila taa. Askari wengi wa miguu walifika Kampala Aprili 1979 kwa miguu kweli. Kwa hiyo mipango ya magari ya vita lazima ihesabu na magari ya raia: yapo mangapi, ya aina gani, nani anayajua. Leo barabara zimejaa Land Cruiser mkonga na Scania. Hizo ni akiba ya taifa, ziandikwe.

Kuhusu dereva: wakaguzi wa Bunge la Marekani walitoa ripoti Julai 2021. Kati ya mwaka wa fedha 2010 na 2019 magari ya kivita ya jeshi lao la nchi kavu na wanamaji wao wa Marine yalipata ajali 3,753 zisizo za vitani, wakafa watu 123. Sababu walizoandika ni dereva kutokuwa makini, usimamizi kulegea na mafunzo kupungua. Hapo hakuna adui aliyefyatua risasi. Ukimpa kijana gari jipya la tani nyingi ukambania mafuta ya kufanyia mazoezi, umemchimbia kaburi.

Binamu wa askari aliyekuwa Kongo, Muheza

Shikamoo mzee. Fundi, nimekusoma hadi mwisho na nakupinga.

Tarehe 7 Desemba 2017, kituo cha Semuliki, Beni. Walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa kwa shambulio la saa kadhaa, makumi wakajeruhiwa. Binamu yangu alikuwa kikosi kingine kule kule. Nilichojifunza kwake ni kwamba ukiwa kwenye njia ya msituni, kati yako na risasi kuna bati na turubai, au kuna chuma. Hakuna cha katikati. Wewe unazungumzia difu, mimi nazungumzia watu.

Unasema MRAP ziliishia kuwa chuma chakavu. Zilipokuwa zinafanya kazi zilirudisha vijana makwao. Na lile tumbo la gari lenye umbo la V, linalotawanya mlipuko pembeni, lilianza huku huku kusini mwa Afrika miaka ya 1970. Walioliunda ni tawala za Rhodesia na Makaburu, wakijilinda na mabomu ya wapigania uhuru, ambao sisi ndio tuliwapa hifadhi. Elimu hiyo iko barani, tuitumie. Kukarabati lori la zamani hakutalifanya lizuie bomu. Utalitia injini mpya, litamfikisha askari haraka mahali pa kufia.

Halafu sharti lako la kuonyesha pesa ya maisha yote ya gari. Nchi hii ni taasisi gani iliyowahi kuonyesha pesa ya miaka 20 mbele? Ukisubiri hilo hutanunua kitu milele.

Mfanyabiashara, Chumbageni

Mimi naona mnavuka mipaka. Mambo ya jeshi yana wenyewe. Adui naye anasoma.

Muuguzi, Lushoto

Mimi nachangia kwa ufupi. Hanang, Desemba 2023, tope lilipoporomoka Katesh, jeshi liliingia kusaidia kutafuta watu. Huku kwetu milimani mvua kubwa ikikata barabara, gari la wagonjwa linaishia njiani na mama mjamzito anabebwa kwa machela. Ninyi mnagombana bati au chuma. Mimi naomba katika idadi hiyo wapange malori yenye ekseli zote zinazovuta, yenye winchi, na chache zenye vitanda vya wagonjwa, na yasambazwe mikoani badala ya kurundikwa sehemu moja. Lori la namna hiyo linafanya kazi mwaka mzima, kwa hiyo hata matairi anayoyasema kaka fundi hayataoza.

Fundi wa magari, Ngamiani (mleta mada)

Dada muuguzi, hoja yako naibeba nzima. Gari linalotembea kila wiki ndilo linalopona. Mzee wangu wa Pongwe, ahsante. Kuandikisha magari ya raia sikuwa nimeligusa, na naona ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote zilizotajwa hapa.

Mkuu wa Chumbageni, nakuelewa, lakini tutenganishe mambo. Idadi, vituo na njia za vikosi ni siri, na hakuna aliyezitaja. Jinsi pesa ya umma inavyopangwa kununua na kutunza magari ni jambo la Bunge, ndiyo maana kuna Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama, na kuna CAG. Raia anayelipa kodi ana haki ya kuuliza kama mkataba una spea ndani yake.

Ndugu yangu wa Muheza, pole, na ninasema hivyo kwa moyo. Sijasema askari wa Kongo apande turubai. Anayepelekwa kwenye risasi apewe chuma, tena kizuri. Ninachokataa ni kukinunua peke yake. Chukua hao hao walinda amani. Nchi inayopeleka magari yake na kuyatunza yenyewe hurudishiwa gharama na Umoja wa Mataifa kwa kila gari, kila mwezi, lakini wakaguzi wanakuja kulitazama: lipo? linatembea? Magari mabovu yakizidi kiwango, malipo yanakatwa. Kwa hiyo deraya, yaani gari la chuma, iliyolala kwa kukosa sili ya elfu kadhaa inatupotezea pesa, na siku ya shambulio haipo getini. Huyo binamu yako, gari lisilowaka linamkinga na nini?

Kuhusu miaka 20 mbele, sawa, nashusha sharti, lakini silifuti. Anza na miaka 10, na iandikwe kwenye mkataba wa ununuzi wenyewe: spea za kuanzia zije meli moja na magari, mashine za kupimia na programu zake ziwe mali yetu, vitabu vya ufundi vitafsiriwe kwa Kiswahili, na mafundi wa Nyumbu wakae kiwandani magari yakiunganishwa, tangu la kwanza. Muuzaji akikataa kutoa programu, anyimwe biashara. Wapo wengi wanaouza.

Tunapotofautiana kweli ni idadi. Wewe unataka vyuma vingi kadiri pesa inavyoruhusu. Mimi nataka vyuma vichache kwa wanaokwenda vitani, na malori mengi mepesi ya aina moja au mbili kwa kazi nyingine zote. Chad mwaka 1987 walivifukuza vifaru vya Libya jangwani wakiwa na pikapu za Toyota na makombora ya kuvunja vifaru yaitwayo Milan. Utaniambia siku hizi kuna droni, pikapu inaonekana toka juu, na hilo ni kweli. Lakini droni hiyo hiyo inalichoma na gari la tani 15, nalo haliwezi kujificha chini ya mwembe.

Binamu wa askari aliyekuwa Kongo, Muheza

Miaka 10 na programu kwenye mkataba, hapo tuko pamoja. Kwenye idadi hapana. Leta hesabu ya deraya moja dhidi ya malori yako mepesi, na uweke humo fidia ya familia ya askari aliyekufa, ndipo tuendelee.