Memori kadi ya kurekodia masimulizi ya bibi: GB 32 au GB 64?

Binti wa Kuze:
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninarekodi masimulizi ya bibi yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Huanza baada ya Alasiri na akikolea huendelea hadi Magharibi, lakini simu yangu, ambayo nafasi yake ya ndani ni GB 16 tu, hujaa kabla hajafika kati. Kijitabu cha simu kinasema inapokea kadi isiyozidi GB 32. Nikipita Mwembe Tayari naona kadi za GB 64 zikiuzwa barabarani kwa bei iliyo chini ya zile za GB 32 za dukani, nazo zina alama za C10, U1 na A1 ambazo sizielewi. Naombeni ushauri: ninunue ipi, na nitajuaje kwamba haitanipotezea sauti ya mtu ambaye huenda asiweze kunisimulia mara ya pili?

Mkaazi wa Likoni:
Simu yangu nayo iliandikwa mwisho GB 32, lakini niliitia kadi ya GB 64, nikaifomati ndani ya simu, na inafanya kazi hadi leo. Chukua kubwa.

Fundi wa Simu:
Wa alaykum salaam, dada. C10 na U1 zinaahidi jambo moja, kwamba kadi itaandika kwa kasi isiyopungua MB 10 kwa sekunde, na kasi hiyo inakutosha. U3 inaahidi MB 30, nayo huwafaa zaidi wanaopiga video za 4K, yaani zenye picha kali sana. A1 inahusu kuendesha programu kutoka kwenye kadi, kwa hivyo usiilipie zaidi.

Kuhusu ukubwa, kadi zinazozidi GB 2 hadi GB 32 ni za aina ya microSDHC na hutumia mfumo wa faili (yaani namna ya kuzipanga faili ndani ya kadi) wa FAT32, ilhali zinazozidi hapo hadi TB 2 ni microSDXC na huja na mfumo wa exFAT. Simu yenye kikomo cha GB 32 huenda ikaikubali kubwa zaidi, kama ilivyomtokea kaka wa Likoni, na huenda ikaikataa, nami sioni sababu ya wewe kubahatisha kwa kazi kama hii. Piga hesabu kwanza. Sauti tupu ya kiwango cha kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) hula takriban MB 1 kwa dakika, kwa hivyo GB 32 zinabeba saa 500 hivi. Video ya 1080p (HD kamili) hula kama MB 130 kwa dakika, na kadi hiyo hiyo itajaa kwa muda wa saa nne. Tena FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, ambayo kwa video ni kama nusu saa: simu nyingine hukata faili zikaanza mpya, nyingine husimama kimya, basi usiiache simu mezani ukaenda jikoni.

Mpiga Picha wa Majengo:
Mimi bei hiyo ya barabarani ndiyo inayonitia hofu. Niliwahi kununua kadi iliyoandikwa GB 64, nikarekodi harusi nzima, na niliporudi nyumbani majina ya faili yote yalionekana ilhali nusu yake hayakufunguka. Kadi za namna hiyo ni ndogo kwa kweli, ila chipu inayoziongoza imepangwa idanganye simu kuhusu ukubwa wake, na data ikishapita ukubwa halisi hupotea bila onyo lolote. Kufomati hakuufichui udanganyifu huo. Njia ya kuujua ni kuijaza kadi yote kisha kuisoma tena, kazi ambayo hufanywa bila malipo na programu za H2testw kwenye Windows na F3 kwenye Linux. Usishtuke kadi halali ya GB 32 ikionyesha GB 29 na kitu, kwa sababu watengenezaji na kompyuta huhesabu GB kwa njia tofauti.

Binti wa Kuze:
Shukrani nyingi. Nimenunua ya GB 32 dukani, nikahifadhi risiti, na kwenye kompyuta ya binamu yangu H2testw haikupata kosa. Sasa simu inaniuliza kama kadi itumike kama hifadhi ya ndani au ya kubebeka.

Fundi wa Simu:
Chagua ya kubebeka, dada. Ukichagua ya ndani, Android huifunga kadi kwa siri inayojulikana na simu hiyo peke yake, na siku simu itakapokufa hakuna kifaa kingine kitakachoisoma. Na kila jioni, bibi akishamaliza, nakili rekodi ya siku hiyo kwenye kompyuta ya binamu yako kabla hujalala.