Msaada wakuu: kompyuta za maabara ya shule zinaambukizana, nikisafisha moja kesho yake imerudi vilevile

MwalimuTehama:
Habari zenu wakuu. Nafundisha TEHAMA sekondari moja ya kata mkoani Morogoro. Maabara yetu ina kompyuta 14 za msaada, 9 za Windows XP na 5 za Windows 7. Zote ziko kwenye swichi moja (kile kisanduku cha kuunganisha waya za mtandao), na kuna waya unaokwenda mpaka ofisi ya taaluma yanakotunzwa matokeo ya wanafunzi.

Wiki ya tatu hii silali vizuri. Ilianza mashine moja kuwa nzito. Nikaipiga Windows upya, jioni ikawa safi, asubuhi yake imerudi kulekule. Nimeshapiga Windows mashine 6, mbili kati ya hizo mara mbili. Tovuti za antivirusi hazifunguki, ya Microsoft nayo haifunguki, ila nyingine zote zinafunguka bila shida. Mashine ya taaluma inafunga akaunti yenyewe na kudai tumekosea nenosiri mara nyingi, wakati hakuna aliyeigusa.

Kilichonitisha zaidi ni juzi saa 2 usiku. Nilirudi maabara kuchukua simu niliyoisahau, nikakuta taa za swichi zinapepesa zote kwa kasi, kama darasa zima liko kwenye intaneti. Chumba kitupu. Mashine tu ndizo zilizokuwa zimeachwa zikiwaka.

Fundi wa mjini anataka hela ambayo shule haina, na matokeo yanatakiwa wilayani Jumatatu. Naombeni ushauri, tafadhali.

Dogo_Kihonda:
Pole mwalimu. Pakua antivirusi kali kwa simu, itie kwenye flashi, pita nayo mashine moja baada ya nyingine. Mimi ilinisaidia.

FundiWaNeti:
Mwalimu, pole sana, ila hilo la flashi liache kwanza. Dogo anakutakia mema, lakini kwa ugonjwa huu flashi ndiyo itakayoubeba.

Kwa dalili ulizozitaja namshuku Conficker. Ni mnyoo wa tangu Novemba 2008, na kwenye mashine kuukuu anaishi mpaka leo. Kuzuia tovuti za antivirusi na ya Microsoft ndiyo tabia yake. Akaunti inajifunga kwa sababu anabahatisha nenosiri la mashine ya jirani ili aingie. Ana orodha yake kabisa: 12345, admin, password na mengine ya namna hiyo. Nenosiri lenu usilitaje hapa, ila kama linafanana na hayo, mlango mmoja umeshaujua.

Mlango wa pili ndio unaokurudisha nyuma kila siku. Windows ina huduma ya kushea mafaili na printa, inayosikiliza kwenye poti 445, yaani mlango wenye namba hiyo ambamo maombi ya neti huingilia. Kwenye XP huduma hiyo ilikuwa na kasoro. Chukua kibaba cha lita moja, mimina lita mbili: kinachozidi kinamwagika pembeni. Programu ilitenga nafasi ya kiasi fulani kwa ombi linaloingia, mnyoo anatuma ombi lililopotoshwa makusudi, likafurikia sehemu ya kumbukumbu inayoielekeza kompyuta ifanye nini baadaye. Amri zake zimo humo kwenye yaliyofurika. Mashine inazitii, inavuta nakala ya mnyoo kutoka kwa ile iliyoipigia hodi, kisha nayo inaanza kupiga hodi kwa wengine. Hakuna aliyebofya chochote. Taa ulizoziona usiku, nadhani ndizo hodi hizo.

Sasa tazama ulichokuwa unafanya. Umepiga XP kwa CD ya zamani isiyo na kiraka (sasisho la kuziba kasoro hiyo), waya wa neti umechomekwa, na jirani zake wote wanabisha. Wewe hukukosea kazi, mwalimu. Ulikuwa unadeki huku bomba limeachwa wazi.

Jumamosi zima swichi, chomoa hata umeme wake. Nenda kwenye kompyuta safi nje ya shule, pakua kiraka KB958644 (Microsoft walikitoa 23 Oktoba 2008, kabla mnyoo hajaonekana) pamoja na programu ya kumwondoa Conficker, uzichome kwenye CD. Nasema CD kwa sababu ikishachomwa na kufungwa mnyoo hawezi kuiandika, ila flashi ataiandika ukiichomeka tu. Safisha kila mashine ikiwa peke yake, weka kiraka zile za XP, kila moja ipe nenosiri lake, zima kushea folda pasipo na haja. Usirudishe waya hata mmoja mpaka ya mwisho imekwisha, na ya taaluma ikiwemo.

Mama_Steshenari:
Naongezea la flashi, maana dukani kwangu zinapita nyingi kila siku. Huyu akiingia kwenye flashi anaweka faili la autorun (la kuendesha programu flashi ikichomekwa) na kujificha kwenye folda inayoitwa RECYCLER. Ukiichomeka kwenye mashine isiyosasishwa linafunguka lile dirisha la kuuliza unataka kufanya nini, na utaona picha mbili za folda zilizofanana, zote zimeandikwa ufungue uone mafaili. Ya juu ndiyo ya mnyoo, iko chini ya kichwa cha kuendesha programu. Mteja anabofya ya juu kwa sababu ndiyo jicho linaanzia. Kwenye XP shikilia kitufe cha Shift unapochomeka flashi, dirisha hilo halitatokea.

Kisima85:
Samahani, kuna tofauti gani kati ya mnyoo na virusi? Mimi huita vyote virusi.

FundiWaNeti:
Virusi hujishika kwenye faili na husubiri mtu alifungue. Mnyoo anajiendesha, anatafuta mashine nyingine mwenyewe. Ndiyo maana ana kasi. Januari 2003 kulikuwa na mmoja aitwaye Slammer, baiti 376 tu, na ndani ya dakika kama 10 alikuwa amezifikia karibu zote alizoweza kuzipata duniani. Kiraka chake kilikuwepo tangu Julai 2002.

Bi_Rehema_IT:
WannaCry naye alikuja hivyohivyo. Kiraka 14 Machi 2017, mnyoo 12 Mei, siku ya Ijumaa, poti ileile 445, akafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za bitcoin. Hospitali za Uingereza ziliahirisha hata upasuaji. Jumatatu yake ofisini kwetu tulichomoa waya zote kabla mtu hajawasha kompyuta. Mwalimu, zile 5 za Windows 7 uzipe kiraka hicho cha Machi 2017, kinaitwa MS17-010, siku hiyohiyo. Na matokeo yanakili leo, usingoje Jumamosi.

MwalimuTehama (Jumapili jioni):
Wakuu, nawashukuru kutoka moyoni. Tulianza jana saa 1 asubuhi, mimi na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu, tukamaliza leo. Programu ilimkuta kwenye mashine 11 na ile ya taaluma. Nenosiri lilikuwa 12345 kila mahali.

Tumewasha swichi na kukaa mbele yake. Taa zikatulia, zinapepesa mojamoja. Isipokuwa ya tundu namba 17 la swichi, haikupoa hata sekunde. Tumeufuata waya ukutani mpaka maktaba: nyuma ya kabati kuna kompyuta ya mkutubi aliyehama, bado inawaka, nami sikuwahi kuihesabu.

FundiWaNeti:
Ndiye huyo. Waya wake uchomoe, mengine baadaye. Matokeo je?

MwalimuTehama:
Nimeshauchomoa, nimeuviringisha na kuufungia droo. Matokeo yako kwenye CD, makamu mkuu wa shule anayapeleka wilayani kesho kwa basi la kwanza.