Viunzi vya kukatia mbao: vya bawaba, vya plaiwudi vinavyopachikana, au vya kupangwa kimoja juu ya kingine?

Kabari (mwanzisha mada):
Ndugu mafundi, naomba ushauri wenu. Karakana yangu ni chumba ambacho usiku hulazwa gari, kwa hiyo kila chombo lazima kiondoke sakafuni kazi inapokwisha. Nataka kuunda jozi moja ya viunzi vya kuegemeza mbao, vitakavyoweza kubeba karatasi nzima ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 na pia kustahimili kupigwa randa. Nimebaki na aina tatu: fremu mbili zilizounganishwa kwa bawaba, vipande vya plaiwudi vinavyopachikana kwa mikato, na boriti yenye umbo la herufi I ambayo miguu yake haikunjwi bali kiunzi kimoja hukaa juu ya kingine. Mngechagua ipi, na kwa sababu gani?

Timazi:
Ndugu Kabari, kwa nafasi uliyoieleza mimi ningechagua vya bawaba bila kusita, kwa kuwa hukunjwa vikawa bapa na kutundikwa ukutani kwenye ndoano mbili. Jambo la kuzingatia ni mahali mzigo unapoangukia. Mafundi wengi huunganisha fremu mbili zinazolingana na kuacha skrubu za bawaba zibebe kila kitu, nazo hulegea mapema. Afadhali fremu moja iwe na boriti ya juu, na fremu ya pili ije kugota chini ya boriti hiyo, ili mbao ikandamize mbao na bawaba ibaki na kazi ya kugeuka tu.

Kuhusu kizuizi cha miguu, kamba hurefuka ikivutwa na mnyororo haurefuki, lakini vyote viwili huzuia miguu kupanuka tu, havizuii kujifunga. Ukikiburuta kiunzi sakafuni, mguu mmoja unaweza kujikunja mzigo ukiwa juu. Kwa hiyo mimi hupendelea ubao mwembamba wenye mkato kila upande, unaopachikwa kati ya fremu mbili na kuzishika zisiende huku wala huko.

Msasa:
Naheshimu maoni ya Timazi, ila vya plaiwudi havipaswi kupuuzwa. Kila kiunzi kina vipande vitatu, yaani miguu miwili na boriti. Ukitumia plaiwudi ya milimita 18, jozi nzima ikilazwa pamoja haizidi unene wa sentimita 11, na huweza kusimama nyuma ya mlango. Hakuna bawaba, hakuna skrubu, na hata mtoto anaweza kuvibeba. Sharti moja tu: usikate mikato kwa kufuata kipimo kilichoandikwa dukani, kwa sababu karatasi inayoitwa ya milimita 18 mara nyingi huwa pungufu kidogo. Pima karatasi yenyewe, kisha jaribu mkato kwenye kipande cha taka kwanza.

Randa:
Hayo ni kweli kwa mtu anayekata na kupaka rangi. Kabari ametaja kupiga randa, na hapo ndipo ninapotofautiana nanyi wote wawili. Mbao ikilazwa sambamba na boriti, randa huisukuma kwa kufuata urefu wa boriti, na upande huo ndio ambao mikato ya plaiwudi huanza kucheza baada ya kupachikwa na kuchomolewa mara nyingi. Fremu za bawaba nazo huyumba upande huohuo, isipokuwa kila pembe iimarishwe kwa kibao cha plaiwudi kilichotiwa gundi na skrubu.

Boriti ya herufi I haina udhaifu huo. Huundwa kwa mbao tatu za inchi 2 kwa 4: mbili zimelazwa, moja imesimama katikati. Sehemu ya juu ya mguu huingia chini ya ubao wa juu na kuegemea ubao wa kati, huku ikipita nje ya ukingo wa ubao wa chini. Mwinamo wa takriban digrii 15 hujitokeza wenyewe, na uzito hushuka moja kwa moja hadi sakafuni. Viunzi viwili vikipangwa huchukua nafasi ya kimoja, na kimo huongezeka kwa kimo cha boriti moja tu. Hakikisha vibao vya kuunganisha miguu havishuki chini ya boriti, la sivyo kiunzi cha pili hakitaingia.

Timazi:
Nakubali kuhusu kupiga randa. Hata hivyo, rundo hilo litabaki sakafuni, na gari linahitaji sakafu.

Patasi:
Naona sote tumesahau ile karatasi ya plaiwudi. Viunzi viwili peke yake, vya aina yoyote, havitoshi kuikata kwa usalama kwa msumeno wa duara. Kata ikipita kati ya viunzi bila tegemeo, karatasi hubonyea, mkato hujifunga na kuubana msumeno, na mashine inaweza kurushwa nyuma kuelekea kwa anayeishika. Laza mbao nne ndefu juu ya viunzi, mbili kila upande wa mstari wa kukata, na ushushe msumeno milimita chache tu kupita unene wa karatasi. Juu ya boriti gundisha ubao laini wa kupokea mikato, usiwe na skrubu hata moja, ukichakaa, badilisha.

Kabari:
Nawashukuru sana. Nitaunda vya bawaba, na pembe zote nitaziimarisha kama alivyoeleza Randa. Limebaki swali la kimo: sentimita 75 zinafaa?

Patasi:
Kwa msumeno wa umeme na kuunganisha kazi, zinafaa. Kwa msumeno wa mkono ni juu mno. Hapo kiunzi kifike kwenye goti, takriban sentimita 50, ili uweze kuikandamiza mbao kwa goti na bega libaki juu ya mstari. Ikiwa unatumia msumeno wa mkono zaidi, anza na jozi fupi.

Kabari:
Natumia wa mkono zaidi. Basi nitaanza na jozi ya sentimita 50.