Dar hadi Tukuyu kuwatembelea marafiki waliohamia: tukaze siku moja, tulale Iringa, au tuzungukie Njombe?

Baba Wawili
Wakuu habari za jioni. Majirani zetu wa siku nyingi hapa Dar wamehamia Tukuyu, wamejenga na wameshaingia kwenye nyumba yao. Wanatuita tangu mwaka jana, na likizo hii tumeamua kwenda: mimi, mke wangu na watoto wawili, na gari letu dogo. Hatuna haraka. Naona njia tatu:

1. Kutoka alfajiri na kuunga moja kwa moja hadi Tukuyu.
2. Kulala Iringa, kesho yake kumalizia.
3. Kukata kushoto Makambako, kulala Njombe, kisha kurudi barabara kuu.

Waliopita na familia naomba uzoefu. Na je, tukifika tufikie kwao au tuchukue gesti?

Semi Tunduma
Mkuu, namba moja ifute kabisa. Barabara hii ndiyo kazi yangu. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, na Iringa hadi Mbeya zaidi ya 300. Ukifika Uyole, kabla ya Mbeya mjini, bado unakata kushoto na kupanda kuelekea Tukuyu, kilomita sitini na kitu. Kwenye ramani inaonekana inawezekana, lakini huko vijijini kibao kinakwambia 50 na trafiki yupo na tochi. Ndani ya hifadhi ya Mikumi kuna matuta na wanyama wanakatiza, na ukimgonga mnyama unalipia. Halafu mlima Kitonga, kabla ya Iringa. Pale malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia ndogo, foleni nzima, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo. Kaa nyuma yao, usilipite lori kwenye kona hata kama dereva wake amekuwashia indiketa. Yeye anaona kipande tu cha barabara, na wewe huoni kitu.

Ukikaza siku moja, mteremko wa Inyala kabla ya Uyole utakukuta usiku, umechoka, na malori yenye breki za moto yako nyuma yako. Watoto hawaendi kutembea kwa namna hiyo.

Dada wa Gangilonga
Naunga mkono Iringa, na si kwa sababu ni kwetu. Mkitoka Dar mapema mnaingia Ipogolo, chini ya mji, jua bado lipo, mnapanda mjini, mnaweka mizigo, mnawapeleka watoto kwenye jiwe la Gangilonga waone mji wote chini yao. Wavae masweta tu, jioni baridi inaingia.

Asubuhi msikimbilie barabarani. Isimila iko njiani kwenu kabisa, kama kilomita 20 mkielekea Mbeya. Kuna zana za mawe za watu wa kale, na ukishuka korongoni unasimama chini ya nguzo za udongo zilizochongwa na maji ya mvua, ndefu kuliko nyumba. Mtoto aliyekaa kwenye gari jana nzima akishuka pale anakimbia mpaka anachoka, na safari inayobaki analala. Kalenga nayo ni nzuri, fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 liko pale, ila ni barabara nyingine, ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Iwekeni wakati wa kurudi.

Mdau wa Sao Hill
Mngefikiria na Mafinga pia. Ni kilomita 80 hivi mbele ya Iringa, kesho yake safari inakuwa fupi. Lakini mkifika usiku hamtaona kitu zaidi ya misitu ya misonobari, kwa hiyo kwa watoto Dada hapo juu amesema vizuri.

Binti Makambako
Njombe naipenda, barabara ni lami na parachichi ni za kumwaga. Ila kama kilomita 60 kwenda na 60 kurudi, wakati mwenyeji wenu anawasubiri na chungu kiko jikoni? Hapana. Nendeni siku mtakayokuwa hamwendi kwa mtu.

Mama Tukuyu
Shemeji, mimi nijibu la mwisho, maana naona wote wanazungumzia barabara.

Fikieni kwao. Watu wamewaita tangu mwaka jana, mkichukua gesti mtawaumiza. Ila piga simu mapema umuulize mama mwenye nyumba, siyo mumewe, kama vitanda na mablanketi vinatosha. Nyumba mpya mara nyingi sebule imekamilika na chumba cha wageni bado. Akisita kidogo, bebeni godoro jepesi na mablanketi yenu, na mseme watoto wamezoea ya kwao. Hataona aibu, na nyie mtalala vizuri.

Mkifika Uyole pigeni tena, na msipite pale jioni sana. Kule juu kwenye mlima Rungwe ukungu hushuka, na mvua ya Tukuyu haina msimu wa kupumzika kama ya Dar.

Zawadi: msibebe ndizi, viazi wala mchele. Ndizi wanazo mlangoni, viazi vimejaa Uyole, na mchele wa Kyela uko jirani. Leteni nazi, samaki wa pwani waliokaushwa vizuri, na njiani pale Ruaha Mbuyuni chukueni mfuko wa vitunguu. Mtu aliyehama pwani akiziona nazi anafurahi mpaka machozi, nimeshuhudia kwa jirani yangu.

Kaeni angalau siku tatu. Moja ya kupumzika na kuzungumza, moja Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, moja mteremke Matema mkaoge ziwa Nyasa pamoja nao. Ziwa Ngozi ni kupanda kwa miguu msituni, mvua ikinyesha panateleza, watoto wadogo waiache.

Baba Wawili
Nawashukuru sana. Mke wangu amesoma yote na ameshampigia mama mwenye nyumba. Tunalala Iringa. Dada, gari dogo linafika Isimila?

Dada wa Gangilonga
Linafika, kipande cha vumbi ni kifupi. Fikeni asubuhi kabla jua halijawa kali, mchukue mwongozaji pale getini, na watoto wavae viatu vya kufunga.

Semi Tunduma
Na breki zikaguliwe kabla hujatoka Dar, siyo Iringa.