Sona zenye sauti kubwa kwenye manowari: ziongezwe au ziwekewe mipaka?

Omo na Tezi (mleta mada)
Wakuu, swali ni moja, naomba tusirukeruke. Machi 26, 2010 manowari ya Korea Kusini, Cheonan, ilikatika vipande viwili karibu na kisiwa cha Baengnyeong. Ndani walikuwamo mabaharia 104, wakafa 46. Tume iliyoshirikisha wataalamu wa nchi kadhaa ilisema ni topedo la nyambizi ndogo ya Korea Kaskazini. Kaskazini wanakana hadi leo. Sona ya meli ile, yaani chombo cha kutafuta vitu chini ya maji kwa sauti, ilikuwa imefungwa chini ya omo, mbele ya meli, na haikutoa onyo lolote. Cheonan mpya iliyoingia kazini 2023 inakokota sona nyuma yake kwa kebo ndefu. Waingereza nao walizifunga frigeti (manowari za ukubwa wa kati) zao nane za Type 23 sona ya kukokota iitwayo 2087. Hiyo haisikilizi tu, inapiga sauti nzito inayokwenda mbali. Watetezi wa nyangumi wanataka sauti za namna hiyo zibanwe. Mimi nasema ziongezwe, kila manowari iwe nayo. Baharia naye ana mama.

Fundi Redio
Mleta mada, hoja ni nzuri, ila mfano uliouchagua unakuangusha. Bahari si maji ya ndoo. Juu pana joto, chini pana baridi, na pale yanapokutana sauti inapinda, kama fimbo unavyoiona imepinda ukiitumbukiza majini. Nyambizi ikijibana chini ya tabaka hilo, sona ya chini ya omo inapiga kelele bure. Sona ya kukokota unaishusha mpaka chini ya tabaka, tena inakuwa mbali na makelele ya injini zako mwenyewe. Na kusikiliza tu siku hizi hakutoshi, kwa sababu nyambizi ya dizeli ikizima injini ikatembea kwa betri haisikiki. Ndiyo maana wamerudi kwenye kupiga sauti na kungoja mwangwi.

Sasa pale ilipozama Cheonan kina ni mita arobaini na kitu. Utashuka chini ya tabaka gani? Kina kifupi, mkondo mkali, mwangwi unarudi kutoka kwenye mchanga, kwenye mawe, kwenye mawimbi. Sona hiyo mpya ni ya bahari kuu. Naomba ujibu hilo.

Mtu wa Bara
Watu 46 wamekufa halafu mtu analilia samaki. Hayo mambo ya nyangumi ni ya walioshiba. Hata kule Nungwi, Zanzibar, 2006 mliwasingizia Wamarekani, kumbe pomboo walipotea njia wenyewe.

Binti Nungwi
Mtu wa Bara, nilikuwa nasoma kimya, sasa umenigusa. Kwanza pomboo na nyangumi si samaki. Wanazaa, wananyonyesha, wanavuta pumzi kama wewe. Pili, "mliwasingizia" ni akina nani? Aprili 2006 nilikuwa darasa la sita. Tuliamka tukakuta pomboo wamelala ufukweni kuanzia kwetu mpaka Kendwa, mamia. Wazee waliozeeka na bahari ile walisimama hawana la kusema. Nje huko zilikuwa zinapita manowari za Kimarekani, watu wakauliza kama zilipiga sona. Kuuliza si kusingizia. Wewe ungekuta ng'ombe mamia wamekufa kijijini kwenu usingeuliza nani alipita usiku?

Mtu wa Bara
Mamia ni mangapi? Mmoja huwa anasema 400, mwingine 600. Idadi yenyewe hamkubaliani, mtakubaliana kuhusu sona?

Binti Nungwi
Mimi nilihesabu kwa pua, kaka yangu. Wiki nzima upepo ukigeuka tunafunga madirisha.

Kebo Ndefu
Mnambishia dada bila sababu. Bahamas jeshi la wanamaji la Marekani lenyewe lilikiri kwamba sona zake zilihusika. 2001 kama sikosei, nyangumi 17 walikwama.

Fundi Redio
Walikwama Machi 2000. Ripoti ya kukiri ndiyo ya 2001. Na hao hawakuwa pomboo wa pwani. Wengi walikuwa nyangumi wa midomo mirefu, wanaozamia kina kikubwa mno.

Kebo Ndefu
Sawa, 2000. Na Visiwa vya Kanari je? 2002 manowari za NATO zilikuwa mazoezini, nyangumi wa aina hiyohiyo wakatupwa ufukweni, walipopasuliwa wakakutwa na mapovu ya gesi mwilini kama mzamiaji aliyepanda juu haraka. 2004 Hispania ikapiga marufuku sona za kupiga sauti kuzunguka visiwa vile, na tangu hapo vifo vya makundi vikakoma. Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe mwaka 2008 iliwapa ushindi wanamaji kwenye kesi ya sona na nyangumi, lakini Hispania ilichora mpaka na hakuna aliyezama.

Omo na Tezi
Hakuna aliyezama kwa sababu Kanari haina nyambizi ya adui mlangoni. Mpelekee mpaka huo mama wa Baengnyeong.

Fundi Redio
Mleta mada bado hujanijibu. Na ninyi wa upande wa nyangumi nanyi sikieni: sona zilizohusika Bahamas zilikuwa zile za kufungwa chini ya omo, za masafa (frikwensi) ya kati. Ndizo hizohizo za zamani ambazo hakuna aliyekuwa akizilalamikia. Kwa hiyo kusema "mpya ni mbaya" hakujasimama, na kusema "mpya ni salama" pia hakujasimama.

Mvuvi Mstaafu
Binti yangu wa Nungwi, pole. Ila hilo la "si samaki" wanalisema walimu. Sisi baharini kila kinachoogelea na kina mapezi tunakiita samaki, na pomboo hatumvui kwa makusudi maana ni mwenzetu. Jina la samaki halimpunguzii heshima.

Binti Nungwi
Shikamoo babu. Kwako nakubali, kwa sababu wewe unamwita samaki huku unamheshimu. Yeye alimwita samaki ili afe kimya.

Mtu wa Bara
Usiniwekee maneno mdomoni. Nilisema mtu kwanza. Halafu tuambizane ukweli, nyambizi na sisi wapi na wapi? Vita vya wakubwa, meli za wakubwa. Huku kwetu hakuna aliyewahi kuuawa na nyambizi.

Mjukuu wa Askari
Hapo ndipo nimeshindwa kunyamaza. Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo karibu askari 1,000 wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301, pamoja na wauguzi na wanamaji. Februari 12, kusini-magharibi mwa Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga topedo mbili. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa 1,297. Kaka yake bibi yangu alikuwa mle.

Manowari za kusindikiza, Petard na Paladin, zilikuwa na sona, enzi hizo ikiitwa asdiki. Hazikuisikia mpaka meli ilipokwisha kupigwa. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wanaelea, na mabomu ya kina, yale yanayolipuka chini ya maji, yakaangushwa palepale, katikati yao. Petard ilimaliza kazi kwa topedo lake la saba. Bibi aliletewa habari kwamba amefia baharini. Akauliza, bahari gani? Hakujibiwa.

Mtu wa Bara, usirudie tena neno hilo.

Mtu wa Bara
Sikujua, ndugu. Nalirudisha. Poleni sana.

Omo na Tezi
Pole sana Mjukuu. Lakini si ndiyo hoja yangu? Wangekuwa na sona bora wale vijana wangefika Colombo.

Mjukuu wa Askari
Usimfanye mtu wangu hoja yako. Sona walikuwa nayo, bora kwa wakati wake. Kilichoniuma mimi ni kwamba hata ilipoisikia nyambizi, aliyekuwa na sona hakuwa na namna ya kuipiga bila kuua waliokuwa juu yake. Katika "boresha" yako yote sijaona umezungumzia hilo.

Kebo Ndefu
Na hiyo 2087 anayoisifu, mwishoni mwa 2020 nyambizi ya Urusi iliigonga ikiwa inakokotwa na frigeti ya Uingereza HMS Northumberland kaskazini huko, wapiga picha wa televisheni wakiwa melini. Meli ikarudi bandarini kubadilisha sona. Ukienda na mkia mrefu, utakanyagwa.

Omo na Tezi
Iligongwa kwa sababu ilikuwa imeipata! Walikuwa wanaiwinda. Nyambizi haigongi mkia wa mtu aliyeko mbali.

Fundi Redio
Hilo mna haki wote wawili. Mleta mada, mita arobaini na kitu. Nangoja.

Omo na Tezi
Nitalijibu, fundi, nipe muda nisome. Binti Nungwi, nikikubali mpaka kama wa Kanari, ungependa uwe maili ngapi kutoka ufukweni kwenu?

Binti Nungwi
Kwanza waseme walipita wapi mwaka ule. Nikishajua, nitakutajia maili. Mjukuu, hiyo Khedive Ismail mliwahi kuoneshwa orodha ya majina?

Mjukuu wa Askari
Bibi hakuwahi. Ile sehemu ilipozamia nimeiandika nyuma ya picha yake mwenyewe, ukutani kwa baba.