Tangazo la mkutano limefika mkutano umekwisha, halafu naambiwa "ongeza RAM"!

Wakuu, leo nina hasira, mtanivumilia.

Chama chetu cha ushirika kina orodha ya barua pepe yenye wanachama zaidi ya elfu arobaini. Seva tumekodi kwa kampuni ambayo siitaji hapa. Taarifa ya mkutano mkuu ilitoka mapema kabisa, lakini kuna watu wameipata mkutano umeshakwisha! Sasa wazee wananipigia simu kuniuliza kama niliwaficha ili bajeti ipite. Mimi huyu!

Nikafungua tiketi (ombi la msaada) kwao. Jibu: "Ndugu mteja, tunakushauri upandishe kifurushi, RAM haitoshi." RAM gani jamani? Nusu yake haina kazi, prosesa ndiyo usiseme. Nikauliza kama wameangalia logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva. Kimya. Kilichokuja ni ankara ya kifurushi kipya.

Logi ya Postfix, programu inayotuma barua kwenye seva yetu, haifichi kitu. Kila barua ina mstari wenye delays= na namba nne: muda kabla ya kufika kwa msimamizi wa foleni, muda wa kungoja kwenye foleni, muda wa kuuliza DNS (mfumo unaotafuta anwani ya seva kwa jina lake) na kufungua muunganisho, na muda wa kutuma barua yenyewe. Kwangu ya nne haifiki hata sekunde. Ya tatu ni makumi ya sekunde, na kwa sababu yake ya pili inakwenda masaa. Hapo RAM inaingiaje?

Seva ya DNS waliyotupangia wao wenyewe inajikongoja. Tena Postfix, usipogusa mipangilio yake, inatuma kwa michakato 100 tu kwa wakati mmoja, na ikigonga seva isiyoitika inangoja sekunde 30. Wanachama wengi walijiandikisha kwa anwani za makampuni yaliyokwisha kufa. Basi michakato yote inabisha hodi kwa waliohama, barua za walio hai zinasubiri. Iliyoshindikana inajaribiwa tena baada ya dakika tano, pengo linakua mpaka saa moja na ushee, hivyo hivyo siku tano nzima.

Hayo nimeyamaliza mwenyewe. Nimefunga Unbound, programu ya kujibu maswali ya DNS, humo humo kwenye seva, nikatumia qshape, zana ya Postfix ya kukagua foleni, kuona vikoa (majina yanayofuata @ kwenye anwani) vinavyoziba foleni, nikavitenga kwenye njia yao yenye subira ya sekunde tano.

Kinachoniua ni Gmail. Tangu Februari 2024 Google wanataka PTR sahihi (rekodi ya DNS inayosema anwani ya IP ni ya jina gani) kwa kila anayewatumia barua, na anayezidisha 5,000 kwa siku awe na SPF, DKIM na DMARC zote, yaani rekodi za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa. Hizo tatu nimeweka. PTR huwekwa na mwenye anwani ya IP, yaani hao hao waliotukodisha seva, na waliyoiacha inaelekeza kwenye jina la mteja aliyeondoka zamani! Gmail wananirudishia 421, yaani "hatupokei kwa sasa, jaribu baadaye", barua inarudi foleni. Na wanachama wetu wengi wako Gmail. Kurekebisha ni kuandika jina moja tu. Nimeomba, nimekumbusha, nimepiga simu: "suala lako lipo kwa wataalamu."

Ankara silipi. Mwenye kujua kampuni inayokuachia uweke PTR mwenyewe aje PM. Iwe inapokea shilingi tafadhali, mhasibu wetu akisikia dola anazima simu.